Mafanikio ya Mzee Apolinary

Mwaka huu tuliuanza kwa kazi ya kujisifu. Bibi shamba wetu, Hellen, binti mwenye pikipiki na buti za mvua, alikiambia kikundi chetu cha wakulima hapa Kimwani kwamba kabla hatujapanga malengo mapya, kila mwanachama atasimama mbele ya wenzake aeleze mafanikio yake matatu. Matatu, si mawili. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, na maneno hayo ya malengo na mafanikio nimeyaandika ubaoni tangu Hellen hajazaliwa, kwa hiyo sikubisha. Nilifungua daftari nikaandika tarehe, maana mimi ndiye katibu.

Wenzangu walihangaika. Mtu wa hapa ukimwambia ajisifu mchana kweupe, tena hajanywa kitu, unamtesa. Bashiri muuza duka aliniuliza kama kutokufa mwaka jana kunahesabika. Nikamwambia aandike tu, itajaza nafasi. Avit alisema yeye ameozesha mabinti wawili, nikamkumbusha kwamba mmoja alitoroka. Wiki nzima nilikuwa nasikiliza mambo ya namna hiyo barazani kwangu, na nilikuwa nimechoka kabla mkutano haujafika.

Niliyemdhania hatapata shida ni Mzee Apolinary Byabato. Ana miaka sitini na minne, mrefu, mkavu, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa sababu ya kazi. Kwa miaka arobaini yeye ndiye aliyeitwa kusafisha vibanja vya watu. Kibanja kwetu si shamba tu. Ni ile migomba na kahawa inayoizunguka nyumba, ndimo tunamokula na ndimo tunamozikwa, na mtu hamruhusu yeyote tu kuingia humo na chuma. Apolinary aliruhusiwa kila mahali. Alikuja asubuhi na muhoro wake, lile panga letu lenye ncha iliyopinda, akapita mgomba kwa mgomba akikata majani makavu na kupunguza machipukizi, na ukimwona anafanya kazi ungedhani anazungumza nayo. Jioni alipewa sahani ya ndizi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaenda zake. Hakuwahi kumkatalia mtu, awe mjane au mwenye gari.

Halafu ulikuja mnyauko. Hiyo ni miaka kumi na miwili sasa. Majani yaligeuka njano, ndizi zikaiva mtini kabla ya kukomaa, na ukizikata ndani zimeoza, rangi ya kutu. Kimwani nzima tulianza kula ugali kama wageni. Mwaka uliofuata Apolinary alichaguliwa kwenda semina Muleba mjini, na aliporudi hakupumzika. Alipita nyumba kwa nyumba akifundisha: ua la mgomba livunjwe kwa kijiti cha panda badala ya kisu, mgomba mgonjwa ung'olewe na mizizi yake, na chuma kipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Watu wasingemsikiliza mtaalamu, lakini yeye walimsikiliza. Ilichukua miaka mitatu, minne, na vibanja vikarudi. Siku hizi wanaletwa wageni kutoka wilaya nyingine kuja kuviangalia, na kila mgeni anapelekwa kumpa mkono Apolinary.

Kwa hiyo alipofika kwangu Jumapili mchana, moja nilikuwa nalo tayari kichwani. Alikuwa ametoka misa, amevaa koti lake la kaki, na mkononi ana karatasi tupu iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, niandikie wewe," alisema. "Mkono wangu siku hizi hauandiki. Unatetemeka tu."

Nikampa kiti, nikamletea chai. Alikaa taratibu, kwanza akishika mgongo wa kiti, kisha magoti.

"Haya, Ta Apolinary," nikamwambia, kwa lile Ta letu la heshima kwa wazee. "Tuanze."

"Nyumba. Andika nyumba ya bati, na sakafu ya simenti."

"La pili."

"Watoto. Dastan yuko Bukoba, pale Bilele, ana karakana yake ya kuchomelea. Annastella ni muuguzi."

Aliyasema bila furaha yoyote, na mimi sikumlaumu, kwa sababu ukifika umri wetu hata mazuri unayataja kwa kuhema. Nikamwambia la tatu asihangaike nalo, ninalo mimi. Nikaandika: *Aliokoa vibanja vya Kimwani.* Aliinama akasoma, midomo ikitembea, kisha akaweka kiganja juu ya karatasi yangu.

"Hilo usiandike."

"Unyenyekevu nao una kiasi chake, Ta Apolinary."

"Si unyenyekevu. Nimelichoka. Kila nikilisikia hamu ya kula inaniisha."

Akamaliza chai, akaweka kikombe. Nilikaribia kuinuka niongeze chai.

"Unakumbuka alipokufa mume wa Clotilda?" akaniuliza.

Ninakumbuka. Clotilda alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa ukielekea kisimani. Mumewe alianguka ghafla mwezi wa tano, akafa siku ile ile. Kijiji kizima tulikwenda. Haikupita miezi miwili, kibanja chake kikaanza kuoza, cha kwanza katika Kimwani yote. Wakati huo hatukujua ugonjwa huo una jina. Tulichojua ni kwamba mwenye kibanja amelala humo humo ndani, na kibanja kinamkataa mjane wake. Kagaruki, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesema kwanza: kibanja kinatoa ushahidi. Wengine wakasema lisemwalo lipo. Wiki baada ya wiki migomba ilizidi kulala chini, na watu wakazidi kuwa na uhakika kwamba Clotilda alimroga mumewe.

Kwetu mgeni akifika hupewa kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, mkono kwa mkono. Kuzikataa ni kumwambia mwenyeji kwamba unaogopa sumu yake. Ilifika mahali Clotilda hana wa kupokea kahawa yake. Mimi nilimwambia meno yananiuma. Meno yangu hayajawahi kuniuma hata siku moja, na ninaliandika hapa kwa sababu kama Apolinary aliweza kusema lake, mimi nina udhuru gani.

Aliondoka mwaka uliofuata na watoto wake wawili, akahamia Bukoba. Ukoo ukampa Kagaruki kile kibanja. Kagaruki ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu leo, na kibanja hicho ndicho cha mfano, ndicho tunachowapeleka wageni. Apolinary mwenyewe ndiye aliyekifufua.

"Nakumbuka," nikamjibu.

"Siku tatu kabla ya msiba nilikuwa Nyanga, kwa dada yangu. Migomba yake ilikuwa imegeuka njano. Nikadhani ni jua. Nikaikata yote iliyonyauka, nikaufuta muhoro kwa majani, nikarudi. Kufika, nakuta kilio. Nani aliyekata njia ya kupitishia jeneza?"

"Wewe."

"Nani aliyekata majani ya kufunikia masufuria? Na ndizi za kulisha waombolezaji? Nani aliyesafisha mahali pa kaburi?"

Yeyote ambaye angeitwa kazi ile angekwenda na chuma chake kama kilivyo. Jirani akifiwa huendi kwanza kutafuta moto wa kupitishia panga. Unakwenda mbio, unakata, na hiyo ndiyo heshima yenyewe.

"Kule semina," aliendelea, "mtaalamu alisema panga moja linaweza kumaliza kijiji. Wenzangu wakawa wanaandika. Mimi nilikuwa nahesabu siku kwa vidole. Nyanga. Msiba. Miezi miwili. Nikajua nikiwa pale pale kwenye benchi. Niliporudi, Clotilda alikuwa bado hajaondoka, Mwalimu. Nilimkuta anafunga mizigo. Nikambebea godoro mpaka barabarani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia safari njema."

Nilikasirika. Nilikasirika kiasi kwamba niliinuka nikaenda jikoni nikasimama tu, mbele ya jiko lisilo na moto. Kwanza nilimkasirikia yeye, kisha hasira ikakosa pa kukaa, kwa sababu kila nilipotaka kusema *ungesema ukweli asingeondoka*, niliona mkono wa Clotilda na kahawa zake. Nikarudi barazani. Na nikafanya jambo ambalo hata sasa linanisumbua: nikamshauri anyamaze. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia kijiji kimetulia, watu wanashiba, Clotilda ana maisha yake Bukoba, funika kombe mwanaharamu apite.

"Nimefunika miaka kumi na moja," alisema. "Hapiti."

Akaeleza kwamba kazi yote ile ya nyumba kwa nyumba, kuchoma mapanga, kung'oa migomba ya watu mvua inanyesha, aliifanya kwa matumaini kwamba kuna siku moyo utasema basi, umelipa. Siku hiyo haikufika. Badala yake zilikuja sifa. Alivyozidi kufanya kazi ndivyo walivyozidi kumsifu, na alivyozidi kusifiwa ndivyo alivyozidi kushindwa kusema. Sasa wanamtaka asimame ajisifu mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Hilo siwezi," alisema. "Nimechoka, Mwalimu. Nataka niende Bilele nikamwambie Clotilda. Twende wote."

Nikamwambia magoti yangu hayawezi gari la safari ndefu. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimekwenda Bukoba na kurudi siku ile ile, kununua miwani.

Alikwenda peke yake Jumanne. Alhamisi alikuja kunisimulia, amekaa kiti kile kile. Dastan alikuwa akimjua Clotilda. Bilele nzima inamjua, ana mgahawa mdogo nyuma ya karakana, anapika ndizi na maharage, na Ijumaa anaongeza samaki. Dastan anakula pale karibu kila siku na alikuwa hajui baba yake anamfuatia nini. Alimpeleka baba yake mpaka mlangoni, akarudi kazini.

Clotilda alimtambua mara moja.

"Karibu, Ta Apolinary. Umekonda," alimwambia, akamwekea sahani bila kuuliza.

Akamweleza yote, sahani ikiwa mbele yake, kuanzia Nyanga mpaka godoro. Alisema Clotilda alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha kufutia meza mkononi, na kwamba uso wake haukubadilika hata kidogo, jambo ambalo lilimtisha kuliko kama angelia. Alipomaliza, Clotilda aliichukua ile sahani kwa sababu chakula kilikuwa kimepoa, akaenda kukipasha moto, akairudisha.

"Unaniambia mimi ili iweje?" alimuuliza. "Mimi nilijua sikumuua mume wangu."

Apolinary akamwomba msamaha.

"Hapa Bilele hakuna aliyewahi kuniita mchawi," Clotilda alisema. "Huku sina cha kusafishiwa. Kawaambie walioniita. Sasa kula, nina wateja."

Akala. Alisema zile ndizi zilimshinda kumeza lakini alizimaliza zote, maana kuacha kungekuwa kisa kingine.

Nilimuuliza kama bado anataka niandike karatasi yake. Akasema niache kama ilivyo, mawili yanatosha.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, katika darasa la nne la shule niliyofundisha, wazee tumejibana kwenye madawati ya watoto. Hellen alibandika karatasi kubwa ubaoni, upande mmoja MAFANIKIO, upande wa pili MALENGO, katikati mstari mwekundu. Kagaruki alifungua kwa sala na maneno marefu. Watu wakasimama mmoja mmoja. Bashiri kweli alisema hajafa, tukacheka, Hellen akaliandika kwa ustaarabu kama *afya njema*. Avit akataja mabinti. Kwa saa nzima ilikuwa mbuzi, mabati, watoto waliofaulu, na mimi nikiandika nilikuwa nafikiri jinsi sisi watu tunavyoweza kuishi miaka mingi hivi na kuishia kwenye mistari mitatu.

"Sasa babu yetu," alisema Hellen, akitabasamu. "Huyu hata asiposema tunamjua. Nataka mwaka huu tumpeleke wilayani akafundishe wengine."

Wakapiga makofi. Apolinary alisimama akashika dawati kwa mikono miwili. Alisubiri makofi yaishe, na hayakuwa na haraka ya kuisha.

"Mawili Mwalimu ameyaandika," alisema. "La tatu mnalotaka niseme, nimelikataa. Mnyauko wa kwanza hapa Kimwani niliuleta mimi. Niliutoa Nyanga kwenye muhoro wangu, nikauingiza kwa Clotilda siku tunamzika mumewe. Kutoka kwake nikaenda kwa Avit, kutoka kwa Avit kwa Bashiri, na wengine siwakumbuki kwa mpangilio. Clotilda hakumroga mtu. Nililijua hilo kabla hajaondoka hapa, nikanyamaza."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, bila kupanda wala kushuka. Kisha hakukaa. Alibaki amesimama, kwa sababu nadhani alitaka watu wamwangalie.

"Kwangu pia?" aliuliza Avit.

"Wiki iliyofuata. Ulinipa na paja la mbuzi."

Avit aliangalia viganja vyake. "Kijana wangu aliacha shule mwaka ule," alisema. "Hatukuwa na cha kumpa ale, seuze daftari."

"Najua."

"Unajua, na ukaja kunifundisha namna ya kung'oa migomba. Ukala kwangu."

"Nilikula."

Bashiri ana roho laini, hawezi kuona mtu amesimama peke yake. Akasema, "Hukujua, Ta Apolinary. Wakati ule nani alijua?"

"Siku ya msiba sikujua," Apolinary alimjibu. "Mwaka uliofuata nilijua. Msinichanganyie hayo mawili."

Kagaruki akakohoa. Akasema mambo ya ukoo yana mahali pake na mambo ya kikundi yana mahali pake, kwa hiyo tuendelee na ajenda. Hakuna aliyeendelea. Watu walikuwa wanamtazama, na wengine walikuwa wanatazama dirishani, upande ule kilipo kile kibanja cha mfano, na yeye akajua wanatazama nini. Alikaa akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Maskini Hellen. Mambo yale yalipotokea alikuwa mtoto wa shule, tena wilaya nyingine. Alisimama na kalamu yake nene, hajui kama aandike upande huu wa mstari au ule, na mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Na malengo, babu?"

"Nilitaka uniandikie kupumzika," alisema Apolinary. "Sasa sijui."

Ndipo akakaa.

Kulikuwa na nafasi hapo. Nataka ieleweke kwamba niliiona. Watu walikuwa kimya, mtu mmoja alikuwa amesema kosa lake, na kama mwingine angesimama akasema lake, labda wa tatu angefuata, na wa nne. Mimi nilikuwa na la kusema, na nilikuwa na sauti, sauti iliyowanyamazisha watoto sitini katika chumba kile kile. Lakini nilikuwa na kalamu pia, na katibu huandika. Niliandika kila neno lao. Mkutano ukafungwa bila sala.

Tulirudi pamoja, mimi na Apolinary, polepole. Watu watatu walitupita njiani. Mmoja alimsalimu. Kufika kwangu, aliomba akae kidogo, kisha akatoa simu yake ya vitufe akaomba nimtafutie jina la Clotilda, ambaye Dastan alikuwa amempa namba yake, maana miwani ameisahau. Sikio lake moja limekufa, kwa hiyo huzungumza na simu ikiwa na sauti ya wazi, ameishika mbele ya kidevu. Ndiyo sababu nilisikia yote.

"Nimewaambia," alisema.

Upande wa pili palisikika masufuria, na mtu akiagiza chai. Kisha mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Nani alikuwepo?" aliuliza Clotilda.

Apolinary akaanza kuwataja. Nilidhani atataja wawili watatu, mama atasema asante, basi. Lakini kila alipositasita, Clotilda aliuliza jina lingine. Alikuwa nayo yote, kwa mpangilio wa nyumba, kuanzia barabarani mpaka kisimani.

"Kagaruki?"

"Alikuwepo. Ndiye mwenyekiti."

"Alisema nini?"

"Alisema tuendelee na ajenda."

Clotilda alicheka kidogo, kicheko kifupi cha puani.

"Mama Aroni?"

"Huyo hakuja. Anaumwa miguu."

"Basi umfuate kwake."

"Nitamfuata."

"Mzee Anwari?"

"Alifariki, Ma Clotilda. Mwaka juzi."

"Ana watoto."

"Anao."

"Na wao walikuwa wanawazuia wanangu kucheza nao. Waambie."

Alimtajia tisa ambao hawakuwa mkutanoni. Apolinary aliwarudia kwa sauti mmoja mmoja ili asisahau, na kila jina lilimwinamisha kidogo zaidi. Akamuuliza kuhusu kibanja, kama anataka alifikishe jambo kwenye ukoo, yuko tayari kutoa ushahidi. Clotilda akasema hilo wanawe watalifuata wenyewe wakitaka, wamekuwa watu wazima, na ushahidi wake watauhitaji, kwa hiyo asife. Yeye kwa sasa anauliza watu.

Kisha akauliza, "Na Mwalimu Evelyne?"

Apolinary alinitazama. Nilikuwa nimeshika birika, sijui la nini, chai ilikuwa imekwisha.

"Alikuwepo. Ndiye aliyeandika."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu," Apolinary alijibu, na hakuongeza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilisikia Clotilda akivuta kiti na kukaa.

"Wengine walikuwa ndugu wa mume wangu," alisema. "Ndugu wa mume ndivyo walivyo. Huyo alikuwa rafiki yangu. Nilijifungulia mtoto wangu wa pili kitandani kwake."

Ni kweli. Mvua ilikuwa kubwa, gari halikupatikana, na mimi ndiye niliyeshika taa. Sikuliandika hilo pale juu, nilipowaambia alikuwa jirani yangu.

Apolinary alininyooshea simu juu ya meza. Alisubiri. Nilipoipokea, alisimama, akashika mgongo wa kiti mpaka miguu ikakubali, akatoka kuelekea kwa Mama Aroni kabla jua halijazama.

"Clotilda," nikasema. "Ni mimi."

Neno la pili sikulipata, na yeye hakunisaidia kulitafuta.